Göttingen au Makhanda? Ulinganisho kwa kijana wa Tanga anayetaka kusoma nje

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa hapa Tanga, matokeo ya chuo yakishatoka, ni hili: "Mwalimu, niende Ulaya au Sauzi?" Huwa silijibu lilivyo. Ulaya si chuo, wala Sauzi si chuo. Anayesoma uzamili katika chuo kikuu cha utafiti husoma chini ya mtu fulani, kwenye maabara fulani, ndani ya mji fulani, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama atarudi na utaalamu au na picha za theluji tu. Kwa hiyo nimeweka mezani miji miwili, Göttingen ya Ujerumani na Makhanda ya Afrika Kusini. Yote ni miji midogo inayoishi kwa wanafunzi, na yote ina nasaba na mkoa wetu, jambo ambalo wengi hawalijui.

Namwandikia hasa mwenye shahada ya kwanza ya sayansi. Aliyemaliza kidato cha sita juzi Galanos au Usagara nitamgusa baadaye kidogo, maana hesabu yake ni nyingine.

Samaki wetu, misitu yetu

Makhanda ni mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown mpaka 2018. Chuo chake, Rhodes, kilianza 1904 na ni kidogo kwa vipimo vya kule: wanafunzi kama 8,000 hivi. Mwishoni mwa 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, mji wa bandari wa Afrika Kusini, aliona samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Akamchora, akamwandikia J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyekuwa na wazimu wa samaki. Mwaka uliofuata Smith aliutangazia ulimwengu kwamba silikanti, aliyedhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, yu hai. Ndiye huyohuyo ambaye wavuvi wetu walianza kumtoa kwenye majarife ya papa kuanzia 2003, mpaka serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Taasisi iliyozaliwa na kazi ya Smith bado iko Makhanda. Siku hizi inaitwa SAIAB, ina hazina kubwa ya samaki waliohifadhiwa, na iko jirani kabisa na idara ya samaki na uvuvi ya Rhodes. Mtoto wa Kigombe anayetaka kusoma viumbe wa vina virefu akifika pale hana haja ya kueleza Tanga iko wapi.

Göttingen kuna sifa za aina nyingine. Chuo kilifunguliwa 1737, na leo kina wanafunzi zaidi ya 20,000 katika mji wa watu wapatao 120,000. Gauss, yule bingwa wa hisabati, alikuwa hapo. Miaka ya 1920 fizikia mpya ilipikwa hapo na kina Max Born, na hisabati na kina Emmy Noether, hadi Wanazi walipowaondoa walimu Wayahudi mwaka 1933 na chuo kikapata pigo ambalo kilichukua miaka mingi kulisahau, kama kimelisahau. Mji una taasisi kadhaa za utafiti za shirika la Max Planck na kituo cha taifa cha utafiti wa nyani. Ila kwa mtu wa Tanga, mvuto wa Göttingen ni miti: kuna kitivo kizima cha sayansi ya misitu, na ndani yake mchepuo wa misitu ya nchi za joto unaofundishwa kwa Kiingereza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, kule Muheza, mwaka 1902. Kabla ya hapo, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni huku kwetu, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau alilolikuta Usambara. Mtaalamu wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia mwaka 1893. Hannover si mbali na Göttingen, kwa treni ya kasi hata saa nzima haiishi. Ua hilo leo linauzwa kwenye vyungu vya dirishani dunia nzima, na Wajerumani bado wanalitaja kwa jina la Usambara.

Namna ya kusoma: hapa ndipo penye tofauti

Watu huulizia ada na baridi, hawaulizii hili, na hili ndilo kubwa.

Ngazi za Afrika Kusini ni za aina yake. Shahada ya kwanza ya sayansi ni miaka mitatu, halafu kuna mwaka mmoja wa kati unaoitwa onazi, ndipo uzamili. Uzamili wenyewe, kwa sayansi, mara nyingi ni tasnifu tupu. Hakuna ratiba ya vipindi. Una swali, una msimamizi, una takwimu zako, mwisho unaandika kitabu kinachopelekwa kwa watahini wa nje. Mtanzania mwenye shahada ya miaka mitatu anaweza kuambiwa apitie kwanza ule mwaka wa onazi. Asiuone kama adhabu, maana hapo ndipo anapofundishwa kufanya utafiti mdogo wa kwake kabla hajatupwa kilindini.

Göttingen, kama Ujerumani yote, uzamili ni miaka miwili ya alama 120 za mzigo wa masomo (ECTS). Unasoma kozi, unafanya mitihani, unakwenda msituni na wenzako kupima miti, na muhula wa mwisho unaandika tasnifu. Msimamizi unaweza kumpata ukiwa umeshafika.

Sasa jipime. Unajua unachotaka kuuliza? Makhanda itakufaa, na utamaliza ukiwa umekomaa. Unajua tu kwamba unapenda misitu, au bahari, au data, ila hujui upande gani? Nenda kwenye kozi. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakikwama kwenye uzamili wa tasnifu kwa sababu mwaka mzima hakuna aliyewaambia Jumatatu wafanye nini.

Kwa Makhanda, basi, mlango ni barua pepe kwa msimamizi kabla hujajaza fomu yoyote. Na barua zenyewe, mh. Nyingi ninazoonyeshwa zinaanza: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mchapakazi mwenye ndoto kubwa." Profesa hana haja na ndoto yako. Soma makala zake mbili za karibuni, kisha mwandikie nusu ukurasa: wewe ni nani, umesoma nini, una swali gani. Swali liwe la kushikika. "Nataka kujua kama changu wanaouzwa soko la Deep Sea, Tanga, wanavuliwa kabla ya kuzaa mara ya kwanza" ni swali. "Napenda kutafiti rasilimali za bahari" si swali. Ambatanisha wasifu na matokeo ya chuo, basi. Kimya kikipita wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu, halafu nenda kwa mwingine.

Göttingen barua kama hiyo haikuingizi kwenye uzamili, kwa sababu udahili unapita kwenye mfumo wa chuo na kinachoangaliwa kwanza ni matokeo. Wajerumani hugeuza GPA yetu kwa kanuni yao, ambako 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya kupona. Chukua alama ya juu kabisa, 5.0, toa GPA yako. Gawa kwa tofauti ya 5.0 na alama ya chini ya kufaulu, 2.0, zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye GPA ya 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5 anapata 2.5 kamili, na kozi nyingi za uzamili huko zinaweka kizingiti karibu na hiyo 2.5. Fanya hesabu hii kabla hujalipia mtihani wa Kiingereza.

Pesa

Habari ya kwamba Ujerumani hakuna ada ni kweli, na ndiyo inayowaponza watu. Göttingen iko jimbo la Niedersachsen, na huko chuo cha umma hakimtozi mgeni ada ya masomo kwenye uzamili wa kawaida. Unalipa mchango wa muhula, yuro mia kadhaa, na ndani yake mna tiketi ya usafiri. (Heidelberg, Freiburg na Tübingen ziko Baden-Württemberg, ambako tangu 2017 wasio wa Umoja wa Ulaya hutozwa yuro 1,500 kwa muhula. Jimbo kwa jimbo sheria inabadilika, kwa hiyo usisikilize anayekwambia "Ujerumani bure" bila kutaja jimbo.)

Kizuizi ni viza. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaishi mwaka mzima bila kuombaomba, na njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904, unaweka zote kabla ya kuondoka, na ukifika unaruhusiwa kuchukua 992 kila mwezi. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni 30. Mama mmoja wa Ngamiani nilipomweleza alishika kiuno.

"Yaani pesa yangu mwenyewe, Mwalimu, niifunge Ujerumani, halafu mwanangu apewe kidogo kidogo kama posho?"

"Ndivyo, mama. Lakini hailiwi na mtu, ni ya mtoto."

"Hailiwi na mtu, ila nyumba yangu ndiyo itakayouzwa."

Alikuwa na haki. Mimi kwa pesa ya familia simshauri mtu auze nyumba. Mwenye barua ya ufadhili kamili haombwi akaunti hiyo, na ndiyo maana kwa Göttingen safari inaanzia DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, ambalo lina ufadhili mahususi kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea wenye uzoefu wa kazi. Neno "uzoefu" ulisome mara mbili. Mara nyingi wanataka miaka miwili ya kazi baada ya shahada, kwa hiyo aliyehitimu juzi aanze kwa kutafuta kazi, hata ya kujitolea na wahifadhi kule Amani.

Makhanda mambo yako kinyume. Ada ipo, na bweni lina bei yake, lakini hakuna anayekudai ufunge fedha ya mwaka kwenye akaunti ya nchi nyingine kwa mtindo ule, ingawa viza ya masomo nayo inataka uthibitisho wa uwezo na bima ya afya ya kampuni iliyosajiliwa kule. Tanzania ni mwanachama wa SADC, na itifaki ya elimu ya jumuiya hiyo ya 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watazamwe kama wenyeji kwenye ada na malazi. Vyuo vinaitekeleza kwa viwango tofauti, basi mwombe ofisa wa wanafunzi wa kimataifa akuandikie ada ya mwanafunzi wa SADC kwa ngazi yako, ukae na maandishi. Kwa ufadhili, wa kuanzia ni Mandela Rhodes, unaowalipia Waafrika walio chini ya miaka 30 kusoma onazi au uzamili katika vyuo vya Afrika Kusini. Na wa bahari wasiisahau WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi Magharibi yenye makao Zanzibar. Makao yake yako ng'ambo tu ya maji hapo, na watu wetu hawapigi hodi.

Kibarua: Ujerumani mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku kamili 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na kima cha chini cha mshahara ni yuro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Kazi tamu kuliko zote ni ya msaidizi wa mwanafunzi ndani ya chuo, ambayo hata haihesabiwi kwenye zile siku: unaosha vyombo vya maabara, unaingiza takwimu, na profesa anakujua kwa jina. Afrika Kusini unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, ila ajira kwa vijana wao wenyewe ni taabu. Usipange bajeti ya Makhanda kwa kutegemea kibarua.

Kuishi

Mtu wa Tanga akifika Göttingen kitu kimoja hakitamshangaza, nacho ni baiskeli. Kila mtu anapanda, profesa kwa mwanafunzi, na mji ni tambarare kiasi katikati. Vingine vitamshangaza. Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na robo. Jumapili maduka yamefungwa. Ndani ya majuma mawili ya kuhamia lazima ukajiandikishe ofisi ya manispaa, na bila karatasi ile mambo mengine yanakwama. Bima ya afya ya lazima inakula zaidi ya yuro 120 kila mwezi, na kila nyumba inalipa yuro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni za umma, uwe na televisheni usiwe nayo. Chumba ni kazi kukipata. Omba bweni la shirika la huduma za wanafunzi siku ileile unapopata udahili, usingoje viza.

Makhanda bweni ni sehemu ya maisha ya chuo tangu zamani: chumba, ukumbi wa chakula, milo inayoagizwa mapema, na ya halali ikiwamo. Masomo yote ni kwa Kiingereza, mtaani utasikia Kixhosa zaidi, na ukijifunza maamkizi utapokewa. Lakini nisikupambie. Maji ya manispaa ni shida ya miaka. Ukame wa 2019 ulikuwa mkali hadi shirika la misaada la Gift of the Givers likaja kuchimba visima. Ndoo chumbani si aibu. Oktoba 2015 maduka ya wageni mjini yaliporwa na wenye maduka wakakimbia, na mgeni yeyote anapaswa kulijua hilo kabla hajapanga chumba mbali na chuo. Wanafunzi wa chuo kwa kawaida huishi kwa usalama zaidi, ila usiku hutembei peke yako ukijiona uko Raskazone.

Baridi, sasa. Vijana huogopa ya Ujerumani, na mimi nawaambia waogope ya Makhanda. Göttingen baridi iko nje, nyumba ina joto, unavua koti mlangoni. Makhanda theluji si kawaida, lakini Juni na Julai usiku ni baridi ya kuuma na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto, unalala nayo. Nunua blanketi zito kabla ya simu mpya.

Kwa Waislamu, Göttingen ina msikiti na maduka ya Waturuki yenye nyama ya halali. Na miaka hii Ramadhani imeangukia majira ya baridi, kwa hiyo saumu ya kule ni fupi kuliko ya hapa. Walioteseka ni waliokuwepo ilipokuwa Juni na jua halizami mpaka karibu saa nne usiku.

Bahari? Makhanda iko kama kilomita 60 kutoka pwani, Jumamosi unakwenda na kurudi. Göttingen iko katikati ya nchi kabisa.

Baada ya shahada

Ujerumani inampa mhitimu hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na masomo yake. Anayetaka kubaki hana budi kujifunza Kijerumani kuanzia leo, si akifika. Goethe-Institut iko Dar es Salaam. Afrika Kusini kubaki ni kugumu zaidi, lakini mtandao wa watu utakaoupata unafanya kazi huku kwetu: mwenzako wa maabara atakuwa Maputo, Mombasa au Moroni, na ndio mtakaoandika maombi ya miradi pamoja kwa miaka 20 ijayo. Kwa anayetaka kurudi Tanga kufanya kazi ya bahari, hilo kwangu lina uzito kuliko miezi 18.

Kwa wa kidato cha sita nitasema machache. Shahada ya kwanza Ujerumani karibu yote ni kwa Kijerumani, na cha kiwango cha juu. Shahada ya kwanza Makhanda ni gharama ya miaka mitatu bila ufadhili mwingi kwa wageni. Soma hapa nyumbani kwanza, Sokoine au Dar, pata GPA ya kusimama, halafu tuzungumze.

Basi hukumu yangu. Wa samaki na bahari: Makhanda, wala usisite, ilimradi umepata msimamizi aliyekujibu kwa maneno yake mwenyewe. Wa misitu, fizikia au data, mwenye GPA kuanzia 3.5 na ufadhili mkononi: Göttingen. Wa misitu asiye na ufadhili: subiri, fanya kazi miaka miwili, omba DAAD. Wa bahari anayeitaka Göttingen kwa sababu tu ni Ulaya, huyo nimeshamaliza maneno yangu.

Kalenda zake hazifanani, na hapo wengi huanguka. Göttingen muhula mkuu unaanza Oktoba, na foleni ya viza ubalozini inaweza kula miezi, kwa hiyo karatasi ziwe tayari mwaka unapoanza. Makhanda mwaka wa masomo unaanza Februari, wakati vyuo vyetu vingi vinatoa vyeti kati ya Oktoba na Desemba, na katikati hapo kuna tathmini ya vyeti ya SAQA, mamlaka yao ya kutambua sifa za elimu, na viza ya masomo. (Kuingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi usichanganye na ruhusa ya kusoma.) Aliyehitimu Novemba asijidanganye na Februari ileile, alenge inayofuata, na barua ya kwanza kwa msimamizi iende Machi. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha RITA na cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi vishughulikiwe wakati unasubiri jibu.